Baipasi Niliyoikaza Mimi

Mwanangu Zuhura, kuna asubuhi moja ya mwezi wa Julai ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimepiga magoti ndani ya chumba cha boila, bisibisi mkononi, najiona fundi kuliko mafundi wote wa Johannesburg. Nje umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi. Mimi sikuusikia hata ubaridi wake. Nilikuwa nafanya kosa ambalo nusura limtoe roho bibi wa watu, na nilikuwa nalifanya huku napiga mluzi.

Nakuandikia haya kwa sababu ya maneno uliyoniambia jana. Uliweka kikombe cha chai mezani ukasema msimamizi wako anataka utie sahihi kwenye fomu, useme umeupima mfumo wa joto wa lile jengo, na wewe hata mlango wa chumba cha boila hujaufungua. Ukasema, "Baba, si karatasi tu? Nikikataa watachukua mwingine. Sisi wageni, tusijitafutie matata." Mimi nikanyamaza. Ulidhani nimekubali. Sikukubali hata kidogo, nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza chako utanijibu baadaye, lakini kwanza nisikilize kwa Kiswahili mpaka mwisho.

Sisi wageni! Umezaliwa katika mji huu huu, Kizulu unakiongea mpaka wauza mboga wanakuita dada, na bado ugeni umekuingia. Najua ulipoutoa. Umeutoa kwetu. Sisi tuliofika kwa mabasi na malori kutoka Tanga, Bukavu na Lubumbashi tulikuwa na sheria moja ambayo kila aliyetangulia alimpa aliyefuata siku ya kwanza tu, kabla hata hajaonyeshwa pa kulala: kaa kimya, kula ugali wako. Bosi akikosea, kaa kimya. Ukikosea wewe, kaa kimya zaidi. Sheria hiyo niliishika kwa mikono miwili, na ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nakaa Hillbrow wakati huo, ghorofa ya tisa, vijana sita chumba kimoja, na lifti imekufa. Nilipata kazi kwa mtu mmoja aitwaye Deon, aliyekuwa na karakana ya kufunga na kutengeneza maboila. Unajua mwenyewe kwamba joto la namna ile ni nadra hapa. Watu wengi wa mji huu wakipatwa na baridi huwasha hita ya gesi na kujifunika blanketi mbili. Lakini yako majumba ya zamani yenye redieta za chuma za kupashia joto kila chumba, na boila moja inayochemsha maji ya nyumba nzima, na pampu ya kuyasukuma yazunguke. Kwenye majumba hayo ndiko Deon alikokula, nasi tukala.

Fundi mkuu wetu alikuwa Papa Ilunga, mzee wa Lubumbashi, mfupi, mkimya, kofia ya sufu haimtoki kichwani. Mabomba alijifunzia migodini kwao tangu ujana. Mimi nilimdharau. Nisikufiche. Nilimdharau kwa sababu moja ya kijinga kabisa, kwamba hakuongea Kiswahili kama sisi wa Tanga. Alikuwa akifungua mdomo kunifundisha, mimi nacheka moyoni, nasubiri jioni nikawaigizie wenzangu Hillbrow. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anayekupa elimu ya miaka thelathini bure, wewe unahesabu anavyotamka! Nikikumbuka najiona mshenzi.

Kazi yake alikuwa anaifanya polepole, na hilo lilimkera Deon. Sisi wengine tukishafunga pampu na kuiona inazunguka, tunakusanya vifaa tunaondoka. Papa Ilunga alikuwa haondoki. Akishamaliza, anakaa chini, anatoa mkate na chupa ya chai, anangoja nyumba ipate joto. Kisha anazunguka vyumba vyote na kuzifunga redieta moja moja, anarudi kwenye boila na kuweka mgongo wa mkono wake juu ya bomba la baipasi. Baipasi, kwa yeyote atakayesoma haya na si fundi kama wewe, ni kijibomba cha mkato kinachotoka kwenye maji yanayokwenda na kuingia kwenye maji yanayorudi, na juu yake kuna vali yenye kichwa cha kuzungusha. Redieta zikijifunga, maji yanayosukumwa na pampu lazima yapate pa kupita. Baipasi ndiyo njia yao. Ukiilegeza mno, maji ya moto yanakata njia na kurudi kwenye boila, vyumba vya mbali vinabaki baridi. Ukiikaza mno, siku redieta zikijifunga maji hayana pa kwenda, mabomba yanapiga kelele, boila inapata joto kupita kiasi na kujizima. Papa Ilunga alitaka kulisikia bomba lile likipata joto kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kuambiwa.

Na akisharidhika, anatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu! Mkewe alikuwa na saluni ya kusuka nywele katikati ya mji, ndiko alikokitoa. Anaweka tone moja, nusu juu ya kichwa cha vali na nusu juu ya mwili wake, likikauka linashika. Mtu akiigusa vali ile hata kidogo, tone linapasuka, na anayejua ataona. Sisi vijana tulimwita fundi wa kucha.

Sasa nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ya kulelea wazee, upande wa kaskazini wa mji, bibi na babu wapatao ishirini, na msimamizi wake tulimwita Mama Thandi. Papa Ilunga alikuwa ameupanga mfumo wao mwanzoni mwa baridi, ukaenda vizuri. Baadaye wakaongeza vyumba viwili mwisho wa ukumbi, wakafungiwa redieta na mtu mwingine, na vyumba hivyo vikawa havipati joto. Mama Thandi akapiga simu. Deon akasema mzee atapoteza siku nzima kule, akanituma mimi Mbwana peke yangu.

Nilifika nimevimba kichwa. Pampu ile ilikuwa na mwendo wa aina tatu, nayo Papa aliiacha kwenye mbili. Nikaipeleka tatu. Nikaitazama baipasi, nikaona huku ndiko joto linakoibiwa, nikashika kichwa chake na kukizungusha mpaka kikagoma. Tone jekundu lilipasuka chini ya kidole changu. Niliiona ile rangi, mwanangu, niliiona vizuri. Nikaipangusa kwenye suruali.

Baada ya nusu saa vyumba vile viwili vilikuwa vya moto. Mama Thandi akapiga makofi. "Eish, Mbwana! Wewe ni mchawi!" Bibi mmoja aliyekaa chumba cha mwisho kabisa, Gogo Nomsa, yaani Bibi Nomsa kwa Kizulu, alinishika mkono, akauweka kwenye redieta yake kana kwamba si mimi niliyeiwasha, akacheka na meno yake matatu. Ilibaki fomu. Fomu iliuliza, je, umefunga redieta na kuhakikisha baipasi inapitisha maji? Kufanya hivyo kungenichukua saa mbili. Nikaandika ndiyo. Nikatia sahihi yangu nzuri yenye mkia mrefu, nikaenda Fordsburg kula biriani, nikajisifu mezani mpaka wali ukapoa.

Unaijua Julai ya hapa. Asubuhi unatetemeka, mchana jua linaingia madirishani na vyumba vinapata joto vyenyewe. Redieta za siku hizo zilikuwa tayari na vichwa vinavyojifunga chumba kikipata joto. Basi mchana wa pili zikajifunga karibu zote kwa pamoja, na pampu iko kwenye tatu inasukuma kwa nguvu zake zote, na mlango wa pekee nimeupiga kufuli. Mabomba yakalia kama filimbi ya refa, boila ikajizima. Kuiwasha tena kunahitaji mtu anayejua kitufe, na hapakuwa na mtu. Jua lilipozama baridi ikaingia. Asubuhi yake Gogo Nomsa alichukuliwa na gari la wagonjwa, kifua kimembana, hawezi kuvuta pumzi.

Deon aliniita ofisini. Nilikwenda nikijua nimekwisha. Kumbe hakutaka kunifukuza. Alikuwa ameweka mezani fomu ya Papa Ilunga ya mwanzo wa baridi, na ya kwangu ameitia kwenye droo. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayenifanyia hisani, "Mzee ndiye aliyeipanga baipasi ile. Wewe uliikuta imekazwa. Ni hivyo, au sivyo?"

Nilielewa mara moja. Kibali cha kazi cha Papa Ilunga kilikuwa kinakwisha mwezi uliofuata, na bila barua ya mwajiri kisingefanywa upya. Deon alikuwa amemchoka mzee na kazi yake ya polepole. Hapa alipata sababu ya kumtoa bila kelele, na mimi nikapata mtu wa kunibebea kosa langu. Alisema ataniandikia maelezo, kesho nitie sahihi mbele ya wenzangu. Nikasema nini? Niliifuata ile sheria yetu, nikakaa kimya, na kukaa kimya kwangu kulikuwa kukubali.

Habari zilimfikia Papa Ilunga kabla ya saa nne. Hakwenda ofisini kugomba. Alibeba mfuko wake wa vifaa, akaniita kijana kwa Kifaransa cha kwao, akasema, "Petit, twende kule. Bazee beko na baridi." Hakuruhusiwa na mtu. Deon alimfokea tukiwa getini, naye akapita kama hasikii. Njia nzima nilitamani teksi tuliyopanda isifike.

Kwenye chumba cha boila akachuchumaa, akawasha tochi, akaitazama vali. Aliitazama muda mrefu. Akapitisha ukucha juu ya mabaki ya ile rangi, nusu huku, nusu kule, zimeachana kabisa. Kisha akaimulika suruali yangu ya kazi, ambayo sikuwa nimeifua. Paja la kulia lilikuwa na mstari mwekundu.

"Ni weye," akasema.

Nikalifunika paja langu kwa mkono.

"Minajua ni weye. Miye minaweza kuenda kwa Deon sasa hivi na hii vali mu mukono, na ile suruali yako. Sitaenda. Kinywa ni yako." Akazima tochi. "Munanichekaka kule Hillbrow, minajua. Weye uko na Kiswahili muzuri ya Tanga. Basi tumia ile Kiswahili yako muzuri, useme: ni mimi. Njo hiyo tu. Ni maneno mbili."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na baba yangu kwa mwiko, nimewahi kushikwa mpakani na kulala rumande. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Nililia palepale mbele ya boila, na yeye aliniacha nilie, akaanza kazi.

Nilimshikia tochi nikaona kwa mara ya kwanza anachofanya. Aliirudisha pampu kwenye mbili, akabonyeza kitufe cha kuiwasha boila. Baipasi hakuigusa kwanza. Alikwenda vyumba vya karibu na boila, na kwenye kila redieta akaminya kidogo ile vali ya chini, ya upande wa maji yanayorudi, ile isiyoguswa na mwenye nyumba. Vyumba vya karibu vilikuwa vinakunywa maji yote, ndiyo maana vya mbali vilikosa. Ukipakua wali na waliokaa karibu na sinia wakajaza sahani, huongezi moto jikoni, unawaambia wapunguze mkono. Kazi ilikuwa hiyo tu. Mimi nilikuwa nimeongeza moto. Vyumba viwili vya mwisho vilipopata joto, ndipo akarudi kwenye baipasi, akailegeza kidogo kidogo, akanituma nifunge redieta zote, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya bomba. Akaushika mkono wangu akauweka pale. Nikalisikia joto likija, polepole, likapita chini ya vidole vyangu. Pampu haikupiga hata mluzi. Akatoa kichupa chake, akaweka tone.

Asubuhi iliyofuata tulikusanyika uani, mafundi kama kumi na wawili, mvuke unatutoka midomoni. Deon akanipa karatasi na kalamu. Mwenzangu mmoja wa Tanga, aliyenipokea siku ya kwanza nilipofika mji huu, akaninong'oneza, "Mbwana, kula ugali wako." Papa Ilunga alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, hanitazami.

Nikaikunja ile karatasi mara nne. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu cha wakati ule, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Sitii sahihi. Baipasi niliikaza mimi. Fomu iko kwenye droo yako, ina jina langu, nayo ni ya uongo, niliiandika mimi." Kisha, kwa kuwa nilitaka mzee anisikie, nikamgeukia na kusema kwa Kiswahili cha kwetu, "Ni mimi."

Deon alinifukuza kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Alinivua koti la kazi kwa mikono yake. Lakini wenzangu wote walikuwa wamesikia, na mchana Mama Thandi alipiga simu mwenyewe, akasema boila yake haiguswi tena na mtu yeyote ila yule mzee wa rangi ya kucha, na kama mzee hayupo yeye atatafuta kampuni nyingine. Barua ya kibali iliandikwa wiki ile ile. Gogo Nomsa alirudi kutoka hospitali baada ya siku tisa. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniamuru nimkandie miguu. Nikamkandia.

Usidhani hadithi ikawa tamu baada ya hapo. Nilibeba maboksi kwenye maduka ya jumla mpaka mgongo ukanikatika. Wenzangu wa chumbani waliniita mjinga mwaka mzima. Mke wa Papa Ilunga alikuwa ananipa chakula kule saluni, nakula kati ya wanawake wanaosukwa, wananitania. Mwaka wa pili mzee mwenyewe aliachana na Deon, akaja kunitafuta nilipokuwa nashusha mizigo, akasema, "Petit, sasa utaniletea tochi." Tulifanya kazi pamoja mpaka alipofariki. Yote niliyokufundisha kuhusu maji ni yake, na ukinisikia wakati mwingine nasema mu nyumba badala ya nyumbani, usinicheke.

Sasa, Zuhura, nakuambia waziwazi ili kesho usiseme baba alizunguka. Usitie sahihi. Mwambie msimamizi wako akufungulie chumba cha boila, ukae humo saa zote zinazohitajika, ufunge redieta, uweke mkono wako juu ya bomba. Ukiridhika, andika ndiyo. Usiporidhika, andika hapana kwa herufi kubwa. Akisema watachukua mwingine, mwambie wamchukue. Akikuuliza wewe ni nani katika nchi hii, mjibu wewe ndiye fundi wa joto la nyumba hiyo, na huko juu wamelala watu. Na siku ukikosea, maana utakosea, usimtafute wa kumtwika. Sema ni mimi, kisha chukua bisibisi ukarekebishe.

Na hilo la sisi wageni lisitoke tena kinywani mwako. Mimi nimekaa hapa miaka zaidi ya thelathini. Wapo waliokuja mpaka mlangoni kuniambia nirudi nilikotoka, nikawaambia maji ya moto ya nusu ya mtaa wao yanapita kwenye mabomba niliyoyaunga mimi, na siendi popote. Magoti yangu yananiambia niache kazi, nayo siyasikilizi. Kama sikuwaogopa wao, nitamwogopa msimamizi wako mwenye fomu?

Wakikufukuza, njoo. Chai ipo, na Jumatatu nina boila ya kutengeneza, nahitaji mtu wa kunishikia tochi. Mungu akupe mkono usiosema uongo na shingo isiyoinama mbele ya mwenye kalamu. Akulinde na baridi ya mji huu na ya watu wake. Amina.

Kichupa kama kile cha Papa Ilunga nimekuwekea kwenye mfuko wako wa vifaa, mfuko wa pembeni. Rangi ni mpya, nimeinunua Fordsburg leo asubuhi, na muuzaji aliniangalia vidole vyangu vya kizee akacheka. Nikamwambia ni ya binti yangu.